Baridi yabisi ya watoto: Sindano ifike kijijini

Hapa kwetu katika nyanda za kati, mtu akiumwa magoti tunasema ana baridi. Mzee akishindwa kuinuka mkekani, tunasema ni baridi. Mama akivimba vidole, tunasema ni baridi. Mtoto wa miaka tisa naye akilia leo kwa kuumwa kifundo cha mguu, na kesho akalia kwa kuumwa goti, tunasema vile vile: ni baridi. Jina ni moja, lakini magonjwa ni mengi. Leo tuzungumze hasa juu ya ugonjwa wa huyu mtoto. Ugonjwa wake huitwa homa ya baridi yabisi, nao unaweza kuharibu moyo.

Maoni yangu ni haya. Ugonjwa huu unazuilika. Dawa yake imejulikana kwa zaidi ya miaka 70, na ni dawa ya bei ndogo. Wataalamu wanajua la kufanya, lakini wanalolijua halijafika vya kutosha kijijini, na kwa sababu hiyo watu bado wanakufa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtoto wa mkulima na mtoto wa nchi tajiri. Tofauti hiyo si amri ya Mungu. Tunaweza kuipunguza.

UGONJWA HUANZIA KOONI

Kuna vijidudu vinavyoitwa streptokoki. Ni vidogo sana, havionekani kwa macho. Vijidudu hivi huingia kooni mwa mtoto, hasa mtoto wa miaka 5 mpaka 15. Koo linauma, mwili unapata homa, mtoto anashindwa kumeza ugali. Vijidudu husambaa kwa kukohoa na kupiga chafya. Husambaa upesi zaidi pale ambapo watu wengi wanalala chumba kimoja kisichopitisha hewa. Nyumba ikiwa ya tembe au ya bati, kama haina madirisha na watoto sita wanalala mkeka mmoja, vijidudu vinafurahi.

Mwili wa mtu una askari wake wa kupigana na vijidudu. Askari hao wanafanya kazi nzuri. Lakini kwa baadhi ya watoto askari hao hukosea. Wakimaliza kupigana na vijidudu vya koo, wanaanza kuushambulia mwili wenyewe. Wanashambulia viungo, na wanashambulia moyo.

Kwa kawaida jambo hili hutokea wiki mbili au tatu baada ya koo kuuma. Wakati huo mama amekwisha sahau habari ya koo. Mtoto anapata homa tena. Goti linavimba na kuwa la moto. Baada ya siku chache goti linapona, na maumivu yanahamia kwenye kiwiko au kifundo cha mguu. Watoto wengine hurusharusha mikono na kukunja uso bila kutaka. Hapo wako wanaosema mtoto ana shetani. Si shetani, ni homa ile ile ya baridi yabisi.

Maumivu ya viungo hupoa yenyewe, nasi tunashangilia kwamba mtoto amepona. Lakini moyo unaweza kubaki na kovu. Kila mara homa ile inaporudi, kovu linaongezeka.

MOYO NI KAMA PAMPU YA KISIMA

Wengi wetu tunaifahamu pampu ya mkono kisimani. Ndani yake kuna kipira kinachoruhusu maji kupanda na kuyazuia yasirudi chini. Kipira kikiharibika, unapampu mpaka mikono inachoka, na maji yanayotoka ni kidogo. Moyo nao ni pampu, na una milango inayofanya kazi kama kipira hicho. Milango hiyo huitwa vali. Homa ya baridi yabisi huharibu vali. Damu inarudi nyuma, au inapita kwa shida. Moyo unafanya kazi kupita nguvu zake.

Dalili zake huweza kuonekana miaka mingi baadaye. Kijana anakosa pumzi akipanda mlima mdogo. Usiku hawezi kulala chali, analala ameketi. Miguu inavimba. Msichana aliyeonekana mzima anapopata mimba, moyo unashindwa kubeba kazi ya watu wawili, na maisha yake yanakuwa hatarini. Mama mjamzito anayekosa pumzi asiambiwe kwamba ndivyo mimba ilivyo. Apelekwe kwa mganga wa zahanati au hospitali, na asikilizwe moyo.

KOO LIKIUMA TUFANYE NINI?

Kwanza, tusikate kimeo. Bado wako watu wanaompeleka mtoto mwenye kikohozi au koo bovu akakatwe kimeo kwa wembe au kisu. Kukata kimeo hakuondoi streptokoki. Kunaleta kutokwa damu na vidonda, na kunaweza kumwua mtoto.

Pili, tusikimbilie dukani kununua vidonge tukavimeza kwa kubahatisha. Koo linaloambatana na mafua na kikohozi mara nyingi huletwa na virusi, na dawa za kuua bakteria hazisaidii. Lakini mtoto mwenye homa na koo linalomwuma sana bila mafua apelekwe zahanati. Mganga akiona ni streptokoki atatoa penisilini au dawa nyingine ya jamii hiyo. Mtoto amalize dawa yote, hata kama amepata nafuu siku ya pili.

Tatu, mtoto aliyekwisha pata homa ya baridi yabisi anahitaji kinga ya muda mrefu. Kinga hiyo ni sindano ya penisilini ya kukaa mwilini, iitwayo benzathini penisilini. Huchomwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi, pengine miaka 10 au zaidi. Kazi yake ni kuzuia koo lisipate streptokoki tena, ili kovu la moyo lisiongezeke.

WENZETU WALIFANYAJE?

Tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa Waafrika. Miaka 100 iliyopita ulikuwa ukiua watoto na vijana wengi katika miji ya Ulaya na Marekani, hasa wale wa maskini waliobanana katika vyumba vidogo. Nyumba zilipokuwa bora na maisha yalipopanda, ugonjwa ulianza kupungua. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, ilimaliza kazi. Karibu na mwaka 1950 madaktari wa Marekani walionyesha kwa askari wa kambi moja huko Wyoming kwamba koo likitibiwa kwa penisilini, homa ya baridi yabisi haitokei ila kwa wachache sana.

Mtu atasema hao ni matajiri. Haya, tuitazame Kuba. Katika mkoa wa Pinar del Río, kuanzia mwaka 1986 mpaka 1996, walifundisha wauguzi, walimu na wazazi habari za koo na baridi yabisi. Waliandika majina ya wagonjwa wote katika daftari na kuwafuatilia kwa sindano. Katika miaka hiyo 10 ugonjwa ulipungua sana. Kuba haikuwa nchi tajiri. Silaha zao zilikuwa elimu, daftari na sindano.

HESABU YA MKULIMA

Sasa tupige hesabu yetu wenyewe. Sindano ya kila wiki nne ni sindano 13 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni sindano 130. Tuseme sindano hiyo inapatikana katika hospitali ya wilaya tu, na kwenda na kurudi ni siku mbili. Basi mzazi atatumia siku 260 njiani. Nauli ya watu wawili ni juu yake. Mkulima gani wa mtama na uwele ataacha shamba siku 260? Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Ukikosa wiki ya kupanda umekosa mwaka.

Kwa hiyo mzazi anapoacha kumpeleka mtoto, tusiseme haraka kwamba ni mzembe. Tumwulize: zahanati ya kijiji ina dawa? Sindano ile ile ikichomwa kijijini, siku 260 zinakuwa saa chache kila mwezi. Mtoto atachomwa asubuhi na kuwahi shule. Penisilini hii ni ya unga unaochanganywa na maji ya sindano. Ule unga hauhitaji jokofu kama chanjo.

Wako watakaosema kwamba siku hizi matibabu makubwa yapo nchini. Ni kweli, na tujivunie. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2015, na inapasua moyo na kubadilisha vali. Hapa Dodoma Hospitali ya Benjamin Mkapa nayo ina madaktari wa moyo. Lakini aliyewekewa vali ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu yake hupimwa mara kwa mara. Aliye mbali na hospitali ataipima wapi? Bunge letu hapa Dodoma lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni jambo jema. Lakini bima hulipia matibabu, hailipi nauli. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sindano ya kijijini ndiyo kuziba ufa. Upasuaji ni kujenga ukuta.

UTAFITI NAO UFIKE KWETU

Kuna tofauti nyingine ambayo wananchi hawaambiwi. Ni tofauti ya utafiti. Utafiti maana yake ni kuchunguza jambo kwa utaratibu mpaka ukweli wake ujulikane. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 55 duniani wana ugonjwa wa moyo unaotokana na baridi yabisi, na kwamba kila mwaka unaua watu 360,000 hivi. Wengi wao ni watu wa nchi maskini. Lakini kwa miaka mingi fedha na akili za watafiti zimekwenda zaidi kwenye magonjwa ya moyo ya matajiri.

Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2015 uliwatazama wagonjwa 3,343 wa moyo wa baridi yabisi katika nchi 14. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini. Wanawake walikuwa karibu theluthi mbili. Waliokuwa wakipata penisilini ya kinga walikuwa 55 tu katika kila 100. Baada ya miaka miwili, karibu 17 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Jirani zetu wa Kenya, Uganda, Rwanda, Zambia, Malawi na Msumbiji walikuwemo katika uchunguzi huo. Tanzania haikuwemo.

Mfano wa pili. Mwaka 2014 madaktari wa Muhimbili walitangaza habari za wagonjwa 427 ambao moyo umeshindwa kazi. Katika kila 100, wagonjwa 12 walikuwa na moyo ulioharibiwa na baridi yabisi. Ni kazi nzuri. Lakini fikiri, ndugu msomaji: hao ni wale waliofika Muhimbili. Kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam ni kilomita 450 hivi. Kijana aliyekufa kwa kukosa pumzi huko Bahi au Mpwapwa, ambaye watu walisema amelogwa, hayumo katika hesabu hiyo. Asiyehesabiwa hapangiwi dawa.

Mfano wa tatu. Kuna dawa mpya za kuzuia damu isigande, ambazo hazihitaji kupima damu kila mara. Zilipojaribiwa mwanzoni, wagonjwa wenye vali zilizobana kwa baridi yabisi waliachwa nje. Hata hivyo wengi walidhani zitawafaa na hao pia. Mwishowe moja ya dawa hizo ilijaribiwa kwa watu wapatao 4,500 wenye moyo wa baridi yabisi unaopiga bila mpangilio, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Ilionekana kwamba waliotumia dawa ya zamani, ile ya jamii ya warfarini, walikufa wachache zaidi. Maana yake nini? Dawa iliyopimwa kwa watu wengine si lazima itufae sisi. Ni lazima tupimwe na sisi, kwa hiari yetu na kwa faida yetu.

Je, wanakijiji wanaweza kushiriki utafiti? Wanaweza sana. Huko Uganda kaskazini watoto zaidi ya 100,000 walipigwa picha ya moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Watoto 818 walioonekana na dalili za mwanzo waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa penisilini kila wiki nne, jingine halikuchomwa. Baada ya miaka miwili, katika kundi la sindano ugonjwa uliongezeka kwa watoto 3. Katika kundi jingine uliongezeka kwa watoto 33. Wazazi wa vijijini ndio waliowezesha dunia kujua jambo hili.

Wala hatuna haja ya kwenda Uganda kutafuta mfano. Wilaya yetu ya Kongwa inajulikana duniani kwa utafiti wa trakoma, ule ugonjwa wa macho unaogeuza kope na kupofusha. Watafiti wamefanya kazi katika vijiji vya Kongwa tangu miaka ya 1980. Mwaka 1995 walitangaza kwamba kuwanawisha watoto uso, pamoja na dawa, kunapunguza trakoma kali. Wananchi walishiriki, na walichovuna ni jambo wanaloweza kulifanya wenyewe kwa maji kidogo. Hivyo ndivyo utafiti unavyopaswa kuwa. Anayekuja kutupima na kuondoka na damu yetu bila kurudi kutueleza alichoona, huyo hajatutendea haki.

WASIWASI WA SINDANO

Baadhi ya wazazi wanaogopa penisilini. Woga huo si ujinga. Wako watu wachache ambao miili yao inaikataa dawa hiyo. Wanavimba, wanawashwa, na kwa nadra sana mtu anaweza kufa. Kwa hiyo mweleze mganga kama mtoto amewahi kudhurika na penisilini. Ipo dawa nyingine, eritromisini. Baada ya sindano mtoto akae zahanati kwa muda, asikimbizwe nyumbani. Na mgonjwa ambaye moyo wake umekwisha dhoofu sana aulize daktari kama vidonge vinamfaa zaidi kuliko sindano. Lakini kuacha kinga kabisa kwa sababu ya woga ni kumwachia ugonjwa mlango wazi.

NA BARIDI YA WAZEE?

Mzee aliyelima miaka 50 huumwa magoti kwa sababu viungo vimechakaa. Huyo hahitaji sindano ya kila mwezi. Mama ambaye vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na kila asubuhi vinakaza kwa saa nzima au zaidi, ana ugonjwa mwingine tena. Nao una dawa, na ukiwahiwa vidole havipindi. Madaktari wa magonjwa haya ni wachache mno nchini, na hilo nalo ni sehemu ya tofauti ninayoisema. Hata hivyo mganga wa zahanati anaweza kutambua na kutoa barua ya kwenda hospitali. Kuchanja chale juu ya kiungo hakusaidii.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Nchi zote wanachama wa Shirika la Afya Duniani, na sisi tukiwemo, zilikubaliana mwezi Mei mwaka 2018 kupambana na ugonjwa huu. Makubaliano ya Geneva ni maneno mpaka yafike katika mkutano wa kijiji. Napendekeza mambo manne.

1. Kamati ya zahanati iulize kila robo mwaka: je, benzathini penisilini ipo? Kama haipo, serikali ya kijiji ipeleke taarifa wilayani kwa maandishi.

2. Zahanati iwe na daftari la watoto wenye homa ya baridi yabisi, na siku moja ya sindano kila mwezi. Asiyefika afuatwe nyumbani na mhudumu wa afya.

3. Walimu wa shule za msingi wafundishwe dalili mbili: koo lenye homa, na maumivu yanayohama kiungo hadi kiungo. Mwalimu ndiye anayewaona watoto wengi kila siku.

4. Anayejenga nyumba aweke madirisha, na watoto wasibanane chumba kimoja kama nafasi ipo.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao vidogo, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Hawakungoja daktari awafuate. Walisoma, wakajadiliana, wakatenda. Baridi yabisi ya watoto inangoja kazi ya namna hiyo hiyo. Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma, msomee jirani yako ukurasa huu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, mtoto akiumwa koo tunafanya nini kwanza? Je, ni sawa?

2. Zahanati yetu ina benzathini penisilini leo? Nani ataulizia?

3. Je, yuko kijana kijijini anayekosa pumzi ambaye hajapimwa moyo? Tutamsaidiaje kufika hospitali?